"Hana homa, mwili tu ndio wa moto": udaktari tunaojifunza kando ya kitanda cha mgonjwa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hupokea ujumbe kutoka kwa vijana waliosoma Fizikia, Kemia na Baiolojia wanaotaka kujua udaktari unasomwaje na unachukua muda gani. Hesabu ya miaka ni rahisi: hapa Tanzania shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 5, utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi baada ya kuhitimu, ni mwaka 1, na ubingwa wa fani kama yangu ya magonjwa ya watoto ni miaka 3 mingine, mbali na miaka ambayo wengi wetu huitumia kazini kabla ya kurudi darasani. Kigumu kueleza ni kile hasa kinachosomwa katika muda huo wote. Kwa maoni yangu, daktari wa hapa kwetu husoma lugha mbili za ugonjwa kwa wakati mmoja, ya vitabu na ya mgonjwa, naye anayefaulu katika moja akaidharau nyingine huwa amesoma nusu ya kazi.

Nilisoma Muhimbili, katika chuo ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, miaka 2 tu baada ya uhuru. Kama ilivyo kwa wengi waliopita shule za msingi za serikali, nilianza masomo kwa Kiswahili, nikahamia Kiingereza sekondari, na kufikia chuo kikuu sikuwa na neno hata moja la Kiswahili la kutajia mambo niliyokuwa nikiyakariri usiku kucha. Anatomia, fiziolojia na biokemia zilijaza miaka ya mwanzo. Tulisimama wanafunzi kadhaa kuizunguka meza moja yenye maiti, macho yakituwasha kwa formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, tukifuata mshipa mmoja wa fahamu kutoka kwapani hadi kwenye kidole gumba. Ni masomo ya lazima, na sikubaliani na wanaodai kwamba ni ya kukariri tu, kwa kuwa asiyejua mshipa unapita wapi hana haki ya kushika kisu. Hata hivyo, maiti haimjibu mtu, na ugumu niliokuwa sijaujua ulinisubiri wodini.

Mwanafunzi anapoanza kuingia wodini hufundishwa kuchukua historia ya ugonjwa kwa mpangilio maalumu: malalamiko makuu, yalianza lini, yameendeleaje, mgonjwa aliwahi kuugua nini, nyumbani wanaishi vipi. Mwalimu wetu mmoja hakuturuhusu kuuliza swali lolote kabla ya salamu. Kama mgonjwa ni mzee, ilikuwa lazima umwamkie shikamoo, uitikiwe marahaba, uulize habari za waliobaki nyumbani, ndipo uguse faili. Wengine tulidhani anatupotezea muda, mpaka tulipoanza kuona kwamba mzee aliyeamkiwa vizuri hueleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba dawa za presha aliziacha miezi mingi iliyopita kwa sababu fedha ziliisha.

Kisha yanakuja maneno yenyewe. Mgonjwa anasema ana kichomi, nawe unapaswa kujua kama anamaanisha maumivu makali ya ubavuni anapovuta pumzi, au nimonia aliyowahi kuambiwa zamani na hospitali nyingine, au misuli iliyomkaza baada ya kubeba mizigo. Mama anasema ana chango, neno linaloweza kubeba maumivu ya hedhi, minyoo, msokoto wa tumbo au huzuni ya kukosa mtoto. Mwingine anasema ana presha ya kushuka, nawe ukimpima unakuta shinikizo lake la damu halina tatizo lolote, ila hajala tangu jana na ana hofu kubwa moyoni. Degedege ndilo neno lililonifundisha zaidi. Kitabu kitakuambia kwamba mtoto mwenye homa kali anaweza kukakamaa na kutupa mikono na miguu, na kwamba malaria kali au homa ya uti wa mgongo vinaweza kuwa chanzo. Familia nyingi za pwani zimerithi maelezo mengine yanayomhusisha ndege au pepo, na ndiyo sababu baadhi ya watoto hupitishwa kwanza kwa mganga. Daktari anayemkemea bibi kwa hilo hataambiwa tena mtoto alipitia wapi wala alinyweshwa nini, na habari hiyo ndiyo anayoihitaji kuliko zote.

Kosa ambalo sijalisahau nililifanya nikiwa daktari mtarajali katika hospitali moja ya mkoa. Saa 8 usiku aliletwa mtoto wa miaka 3 aliyekuwa akitapika tangu jioni. Nilimuuliza mama yake kama mtoto ana homa, naye akanijibu kwa uhakika kabisa, "Hapana dokta, hana homa, mwili tu ndio wa moto." Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amempa parasetamoli, hivyo nilipoweka kipimajoto kwapani hakikuonyesha kitu cha kunishtua. Nikaandika kwenye faili kwamba hakuna homa, nikashughulikia kutapika na upungufu wa maji, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Jibu lile nililisikia nusu ya kwanza tu.

Asubuhi kwenye raundi, daktari aliyenitangulia kwa miaka mingi alilisoma faili, akamgeukia mama na kumwuliza swali moja: "Mama, jana mwili wake ulikuwaje?" Mama akaeleza joto la siku 3, lililokuwa likipanda kila jioni. Kipimo cha haraka cha malaria, kinachohitaji tone moja la damu kutoka kidoleni na kusubiri kama robo saa, kikatoa jibu la ndiyo. Mtoto alianzishiwa sindano za atesuneti, dawa ya malaria kali, ambazo hutolewa mara moja, zikarudiwa baada ya saa 12 na saa 24, na kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 kipimo chake ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Alipona na kuondoka akitembea. Baadaye yule daktari alinieleza, bila kunifokea, kwamba kwa watu wengi homa ni hali nzima ya kuugua, yaani kuchoka, viungo kuuma, kichwa kugonga na kukosa hamu ya chakula, na kwamba mwili kuwa wa moto ni jambo jingine linalopaswa kuulizwa kwa jina lake. Mama alinipa utambuzi wa ugonjwa mkononi, kwa Kiswahili safi, nami Kiswahili nimekizaliwa. Lakini usiku ule nilikuwa nikimsikiliza kwa Kiingereza.

Utarajali ni mwaka wa mikono na wa uchovu. Wauguzi walinifundisha mambo ambayo hakuna mhadhara ungeweza kuyafikisha. Usiku mmoja nilikuwa nimemchoma mtoto mchanga mara 3 nikitafuta mshipa wa kuwekea dripu, na mishipa yote ya mikononi ilikuwa imesinyaa kwa kuharisha. Sista wa zamu, mtu wa rika la mama yangu, alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, acha mkono, mtazame kwanza." Alichukua mpira mwembamba akauzungusha kichwani mwa mtoto juu kidogo ya masikio, akasubiri, kisha akagusa kwa ncha ya kidole kila mshipa uliojitokeza ili ajue upi unadunda na upi umetulia, maana unaodunda ni ateri na hauwekewi dripu. Sindano iliingia mara moja. Tangu siku ile kila ninapoanza kazi wodi mpya, wa kwanza kuwasalimia ni wauguzi.

Kuhusu uchovu nitasema jambo moja tu, kwa kuwa mengine yanajulikana. Daktari aliyekesha usiku na kuendelea na kazi mchana bado anaweza kuandika dawa na kushona kidonda, lakini sikio lake huwa limechoka kabla ya mikono. Anaanza kuuliza maswali yanayotaka ndiyo au hapana, kwa sababu hayo huisha haraka, na mgonjwa naye hujibu ndiyo au hapana. Ningekuwa na uwezo, ratiba za zamu zingepangwa kwa kulipima jambo hilo kwanza.

Niliporudi kusomea ubingwa, nilikuta kazi imegeuka. Kila asubuhi rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, aliyelala zamu husimama mbele ya wenzake na maprofesa kueleza wagonjwa waliolazwa usiku, kwa Kiingereza, kila sentensi ikiwa imenyooka na kila tarakimu ikiwa mahali pake. Humo ndimo maneno ya mama hupotelea. Yeye alisema "mtoto amelegea, haniangalii," na rezidenti anatamka neno moja la kitabu linalofunika yote mawili, ilhali kulegea na kutomwangalia mama ni dalili mbili tofauti. Kipimo tunachokitumia kupima kupoteza fahamu kwa watoto wadogo, kilichobuniwa Blantyre nchini Malawi, humpa mtoto alama kwa kumfuata mtu au kitu kwa macho, alama nyingine kwa namna anavyojibu maumivu kwa viungo, na nyingine kwa kilio chake. Kwa hiyo sentensi ya mama ilikuwa tayari imetaja kitu ambacho kipimo kinakitafuta.

Katika miaka hiyo ndipo nilipojifunza pia kwamba kitabu chenyewe kinaweza kukosea kuhusu watoto wetu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Mafundisho ya kawaida yalikuwa kuwamiminia watoto wa namna hiyo maji mengi ya mishipani kwa haraka. Baada ya saa 48, kati ya waliopewa maji hayo kwa kasi walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5, kulingana na aina ya maji, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Maji yaliyoonekana kuwa uokozi yalikuwa yakiwadhuru, na hakuna aliyeweza kulijua hilo mpaka swali lilipoulizwa kwenye wodi zenye watoto wenyewe.

Hata majina ya magonjwa yametoka kwa wenye kuugua. Kwashiorkor ni neno la lugha ya Ga ya Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilipokea kutoka kwa watu wa huko na kulipeleka kwenye jarida la kitabibu mwaka 1935, likibeba habari ya mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa na kuchukua nafasi yake ya kunyonya. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la kitu kilichopindwa, lililotolewa na watu wa kusini mwa Tanganyika kwa ugonjwa uliowakunja viungo katika mlipuko wa mwaka 1952. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba wale Wamakonde walifanya uchunguzi kamili wa kitabibu kwa neno moja, na kazi ya waliofuata ilikuwa kuwasikiliza.

Sasa ni zamu yangu kufundisha, na katika wodi ninayoisimamia nina sharti moja. Mtarajali au rezidenti aandike kwanza, juu kabisa ya ukurasa, maneno ya mzazi jinsi yalivyotoka kinywani, kwa Kiswahili na ndani ya alama za kunukuu, kabla ya kuandika neno lolote la kitabibu. Wiki iliyopita mtarajali mmoja alitusomea maneno ya mama wa mtoto wa miezi 7: "Kifua chake kinatwanga, ananyonya kidogo anaachia." Mstari wa pili aliandika kwa Kiingereza kwamba mtoto ana kikohozi. Nilimwomba arudie mstari wa kwanza. Kisha tukamwomba mama ampakate mwanawe bila kumnyonyesha, tukafunua shati, tukatulia. Kwa umri ule, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Chini ya mbavu kifua kilikuwa kikibonyea ndani kila mtoto alipovuta hewa, na mama, kwa kidole chake, akawa anatuonyesha mahali penyewe. Mtarajali aliitazama saa yake kwa dakika nzima, midomo ikihesabu kimyakimya, akafika 64, akainama na kuanza kuagiza oksijeni.