Kupiga Windows maana yake nini, na kwa nini virusi wakati mwingine hurudi

Unapeleka kompyuta kwa fundi. Imekuwa nzito, matangazo yanajifungua yenyewe, antivirusi imezimika na haikubali kuwashwa. Fundi anaiangalia kidogo, kisha anasema: "Hii, dada, tunaipiga Windows." Mwingine atakwambia ataifomati. Mtaani maneno hayo mawili hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wengi wanapopoteza mafaili yao, au wanalipia kazi moja mara mbili.

Mfumo endeshi ndio programu kuu ya kompyuta. Programu nyingine zote huuomba huo ruhusa ya kusoma diski, kutumia kibodi au kuingia mtandaoni. Windows ni mmoja wao. Linux na macOS ni mingine. Kupiga Windows ni kuusakinisha mfumo huo upya. Kufomati ni kufuta sehemu ya diski ili ianze kuandikwa upya. Unaweza kupiga Windows bila kufomati, na hapo mfumo wa zamani huwekwa kando kwenye folda iitwayo Windows.old, pamoja na mafaili yaliyokuwa ndani yake. Kama lengo ni kuondoa virusi, hiyo haitoshi.

Kwa nini tusiskani tu na antivirusi? Mara nyingi kuskani kunatosha, na fundi mzuri huanzia hapo. Lakini kirusi kikishapata mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kinaweza kujipachika kwenye vitu vinavyoanza vyenyewe kila ukiwasha mashine, kuizima antivirusi, hata kuufanya mfumo usiyaonyeshe mafaili yake. Antivirusi inategemea mfumo huohuo kujua diski ina nini, kwa hiyo inaweza kudanganywa. Ukiwasha kompyuta kwa flashi safi yenye kisakinishi, mfumo ulioambukizwa hauamki kabisa, na kirusi kilichomo hakipati nafasi ya kujitetea.

Mdogo wangu aliyapata haya akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Alikwenda steshenari kuchapisha sura ya pili ya utafiti wake. Alipochomeka flashi nyumbani, kila folda ilikuwa na kamshale kadogo kwenye kona. Folda iliyojaa picha ilionyesha KB 2. Folda zenyewe zilikuwa zimefichwa, na zile alizoziona zilikuwa shotikati: ukibofya, inaendesha kirusi kwanza, kisha inakufungulia folda yako ili usishtuke. Yeye alibofya.

Fundi akapiga Windows. Baada ya siku chache mishale ikarudi. Fundi hakuwa amefanya uzembe. Alifomati C, sehemu ya diski inayokaa Windows, akaiacha D, sehemu ya pili ya diski hiyohiyo, kama alivyoombwa, kwa sababu ndiko utafiti ulikokuwa. Lakini D nayo ilikuwa na nakala ya kirusi, na flashi ilikuwa ileile. Tulikaa jioni nzima. Kwenye kompyuta nyingine iliyokuwa na antivirusi iliyosasishwa, tuliskani flashi bila kubofya chochote ndani yake, kisha tukaandika amri hii ya kufichua mafaili kwenye dirisha jeusi la amri (Command Prompt), E ikiwa ndiyo herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zote zikajitokeza, na kando yake faili moja lenye mwisho wa .vbs ambalo hakuna aliyeliweka. Tukalifuta pamoja na shotikati zote. Kutoka D tukachukua hati, picha na PDF tu. Chochote chenye mwisho wa .exe (programu), .vbs (hati ya amri) au .lnk (shotikati) tulikiacha. Ndipo tukafuta diski yote, C na D, tukaanza upya.

Kisakinishi chenyewe kinatoka wapi? Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Flashi nyingi zinazozunguka mtaani zina Windows iliyokrakiwa, na programu za kuiamsha bila leseni mara nyingi hukutaka uzime antivirusi kwanza. Ukikubali, umemfungulia mlango mtu usiyemjua siku ileile uliyosafisha nyumba. Microsoft inatoa chombo cha kutengeneza kisakinishi bure kwenye tovuti yake. Unachohitaji ni flashi ya angalau GB 8 na bando la kutosha. Na kama kompyuta ilikuwa na Windows 10 au 11 yenye leseni halali, kwa kawaida leseni hiyo hujitambulisha yenyewe ukiingia mtandaoni, bila kulipia tena. Kabla ya kufuta, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski. Kama imefungwa, bila ufunguo wake wa dharura hutayasoma mafaili ukiwasha kompyuta kwa flashi nyingine.

Mfumo ukishakaa, kazi ya kwanza ni masasisho. WannaCry, kirusi cha kudai fidia kilichofungia kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za Uingereza Mei 2017, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea kiraka Machi mwaka huohuo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yako inaimudu Windows 11, piga hiyo.

Kuna mambo ambayo kupiga Windows hakuyarudishi. Nywila zilizoibwa kutoka kwenye kivinjari bado ziko kwa aliyeziiba: zibadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, ukianza na ya barua pepe, na uviondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako. Mafaili yaliyofungwa na virusi vya kudai fidia hayafunguki kwa kusakinisha upya. Vipo pia virusi vinavyokaa kwenye chipu ya ubao mama, kama LoJax iliyogunduliwa na ESET, kampuni ya antivirusi, mwaka 2018, na hivyo hubaki hata ukibadilisha diski. Lakini ni nadra sana, na mtu wa kawaida hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Sura ya pili aliichapisha tena steshenari ileile. Safari hii aliituma PDF kwa barua pepe, flashi ikabaki nyumbani.