Mchungwa Mchanga Haupogolewi kama Mwembe

Wakulima wa Muheza wanaoniita niwakagulie mashamba huniuliza kwanza wapogoe mwezi gani, nami huwauliza wamepanda mti gani, kwa sababu mwembe na mchungwa, hata vikiwa shamba moja, havihitaji mkasi kwa kiasi kimoja.

Kuhusu majira, mimi huchagua kipupwe, Juni hadi Agosti, masika yakishakatika. Ukikata katikati ya mvua, jeraha hukaa na unyevu na ukungu hupata pa kuingilia. Ukikata wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua huunguza gome lililozoea kivuli.

Mwembe mchanga hukatwa ncha unapokaribia mita 1, na hapo ndipo wengi hukosea. Tazama shina lake: utaona pete za makovu ya majani yaliyosongamana, kila moja ikionyesha mahali mti ulipotulia kabla ya kurefuka tena. Ukikata juu kidogo ya pete, macho yake, yaani sehemu zinazochipua matawi, huamka kwa pamoja na matawi mengi hutoka mahali pamoja, yakabanana na baadaye kupasuka kwa uzito wa maembe. Ukikata chini ya pete, hutoka machache yaliyopishana. Bakiza matatu au manne yanayoelekea pande tofauti, na yakifika nusu mita uyakate ncha vilevile. Maua ya miaka miwili ya kwanza yaondolewe, ingawa najua inauma.

Mchungwa huweka sehemu kubwa ya akiba yake ya chakula katika majani na matawi, kwa hiyo anayeukata sana ukiwa mchanga huchelewesha matunda yake mwenyewe. Ondoa tawi lililokufa, lililovunjika au linalosuguana na jenzake, kisha utazame chini ya mahali ulipobebeshwa, yaani pale mchungwa ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Ikiwa shina la chini ni la mlimau, machipukizi yake hutoka kwa kasi yakiwa na miiba mirefu, na yakiachwa huumeza mchungwa wote. Wenye mashamba husema mti "umegeuka mlimau", haukugeuka, ulizidiwa. Yanyofoe kwa vidole yakiwa bado laini, kwani ukiyakata kwa panga unabakiza macho yatakayochipua tena.

Mkasi ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, na shina lililobaki wazi lipakwe chokaa upande unaopigwa na jua la alasiri.