Kambi ya Uyoga Isiyokuuliza Unatumia Dawa Gani, Usiende

Wiki chache zilizopita dada mmoja alipiga simu kwenye dawati letu la taarifa za dawa na sumu. Zilikuwa zimebaki siku nne asafiri kwenda nje ya nchi, kwenye kambi ya siku tano ambako watu hula uyoga wa kuleta maono chini ya uangalizi wa mwongozaji ili kutibu majeraha ya moyo. Alitaka kujua jambo moja tu: kizunguzungu alichonacho, pamoja na zile shoti anazozisikia kichwani kila akigeuza macho, vitaisha kabla ya safari? Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akajibu kwamba hatumii tena. Alikuwa ameacha dawa zake za sonona siku kumi nyuma, kwa mkupuo, daktari wake hana habari, kwa sababu tangazo la kambi lilisema uyoga haufanyi kazi vizuri kwa mtu mwenye dawa hizo mwilini.

Nilimwomba anisomee fomu aliyojaza. Iliuliza saizi ya fulana, chakula asichokula, kama anapenda kulala chumba cha peke yake, na kama anaruhusu picha zake zitumike. Kuhusu afya palikuwa na mstari mmoja: una tatizo lolote la kiafya, ndiyo au hapana? Aliweka tiki kwenye hapana. Sonona, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa inampeleka huko, hakuihesabu kuwa tatizo la kiafya, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Simu za namna hii zimeongezeka, na malalamiko ya waliorudi wakiwa vibaya kuliko walivyokwenda yameongezeka pia. Ndiyo sababu ya makala hii.

Nianze kwa kukubali lililo la kweli. Silosaibini, kiini cha uyoga huu ambacho mkemia wa Uswisi Albert Hofmann alikitenga na kukitangaza mwaka 1958, inachunguzwa kwa dhati na mabingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 233 wenye sonona iliyoshindikana kwa dawa za kawaida. Waliopewa miligramu 25 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa miligramu 1: baada ya wiki 3, asilimia 37 yao dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi. Kufikia wiki ya 12, walioendelea na nafuu hiyo walikuwa asilimia 20. Na katika makundi yote ya dozi walikuwemo waliopatwa na mawazo ya kujiua au kujiumiza. Anayekutajia namba ya kwanza akaziruka habari hizo mbili za mwisho, huyo anakuuzia safari. Kumbuka pia kwamba watu wale walichujwa kwanza, walipewa dawa iliyotengenezwa maabara na kupimwa, na walikuwa mikononi mwa wataalamu. Kambi si jaribio la kitabibu, hata ikipambwa kwa maneno ya kitabibu.

Sasa sheria. Naomba msomaji asichoke hapa, maana ndipo watu wanapoharibikiwa wakiwa na nia njema kabisa.

Silosaibini na silosini, kile ambacho silosaibini hugeuka kuwa ikiingia mwilini, zimo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Dawa Zinazoathiri Akili wa mwaka 1971, ambalo ndilo jedwali kali kuliko yote manne. Ibara ya 7 inazitaka nchi wanachama zizuie matumizi yote isipokuwa ya kisayansi na ya kitabibu yenye mipaka finyu sana, tena kwa watu walioidhinishwa, katika taasisi zilizo chini ya serikali au zilizokubaliwa nayo mahsusi. Kutengeneza, kuuza, kusambaza na kumiliki kunahitaji leseni maalumu au kibali cha awali. Kuingiza na kutoa nchini kumezuiwa, isipokuwa pande zote mbili ziwe ni mamlaka husika au watu walioruhusiwa nazo. Ibara ya 4 inaruhusu nchi kumwachia msafiri kiasi kidogo cha dawa kwa matumizi yake mwenyewe, lakini ruhusa hiyo imetaja wazi kwamba haihusu vitu vya Jedwali la Kwanza. Kwa hiyo ile hoja ya "ni kidogo tu, ni ya kwangu mwenyewe" haina pa kushika. Ibara ya 22 inazitaka nchi zihakikishe makosa makubwa yanapata adhabu ya kutosha, hasa kifungo. Kwa mtumiaji, inaziruhusu zitoe matibabu, elimu na urekebishaji badala ya adhabu au pamoja nayo. Utapata lipi kati ya hayo, inategemea nchi uliyokamatiwa.

Mkataba umeitaja kemikali. Uyoga wenyewe haukutajwa kwa jina, na hapo ndipo nchi zilipoachana njia. Uholanzi ilipiga marufuku uyoga huu Desemba 2008, lakini vitonge vyake vinavyokua chini ya udongo havikuingizwa kwenye orodha, ndiyo maana kambi nyingi za Ulaya ziko huko. Jamaika haijawahi kuupiga marufuku. Wapiga kura wa jimbo la Oregon, Marekani, waliidhinisha huduma ya silosaibini Novemba 2020 na vituo vilianza kupokea watu mwaka 2023. Colorado walifuata kwa kura ya mwaka 2022. Pamoja na hayo, sheria ya shirikisho la Marekani bado inaikataza. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuwaandikia wagonjwa wa sonona sugu. Uhalali wa huko unaishia huko. Ukivuka mpaka na kidonge chenye unga wa uyoga, au kipande cha chokoleti ulichopewa kama zawadi ya kuagana, mbele ya afisa forodha umebeba kitu cha Jedwali la Kwanza. Na kambi kujitangaza mtandaoni si kibali. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu kila wiki naambiwa, "Lakini wana tovuti."

Tumeletewa pia hoja ya mila. María Sabina, mganga wa Kimazateki wa Huautla de Jiménez huko Oaxaca, Meksiko, ndiye anayetajwa zaidi tangu Mmarekani R. Gordon Wasson alipohudhuria mkesha wake wa uyoga mwaka 1955 na kuandika habari zake gazetini mwaka 1957. Ni kweli Ibara ya 32 inaiachia nafasi nchi yenye mimea hiyo porini, inayotumiwa tangu jadi na makundi madogo yanayojulikana wazi katika ibada zao. Nafasi hiyo ni ya makundi hayo. Haimhusu mgeni aliyelipa kwa kadi. Na kwa Wamazateki mkesha ulikuwa wa kumtibu mgonjwa, tena mgonjwa aliyeletwa na watu wake na kurudi nyumbani na watu wake. Anayeitaja mila hii asiibebe nusu.

Nirudi kwenye fomu, maana ndiyo hasa niliyokusudia.

Dawa za sonona za kundi linaloongeza serotonini, kemikali ya ubongo, mara nyingi hupunguza makali ya uyoga. Hilo tangazo lilisema kweli. Lakini kuacha dawa hizo ni kazi ya wiki kadhaa, dozi ikishushwa kidogo kidogo na daktari aliyeziandika, na nyingine kama fluoxetine hukaa mwilini muda mrefu baada ya kidonge cha mwisho. Ukizikata ghafla unapata kile alichokuwa nacho dada yule: shoti kichwani, kukosa usingizi, wasiwasi, na hatari ya sonona kurudi kwa kishindo siku ile ile unayopanda ndege. Kambi inayomwagiza mtu aache dawa bila kumtaka barua ya daktari wake inafanya kazi ya udaktari bila kuwa na daktari.

Lithiamu, dawa inayotumiwa hasa kwa ugonjwa wa baipola, ni hatari ya aina nyingine. Kuna taarifa za watu waliopata degedege walipochanganya lithiamu na vitu vya kundi hili. Oregon, ambayo ruhusa yake ni pana kuliko ya nchi nyingi, haimpokei mtu aliyetumia lithiamu ndani ya siku 30 zilizopita, wala mtu mwenye historia ya kupoteza uhalisia, wala mwenye mawazo ya kujidhuru au kudhuru wengine. Umri ni kuanzia miaka 21. Kikao cha maandalizi lazima kitangulie, dawa inatumiwa palepale kituoni na haichukuliwi nyumbani, na mteja anapanga mapema atakavyorudi kwake salama. Mwongozaji haruhusiwi kumgusa mteja bila ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Sharti hili la mwisho naomba kila mwanamke na kila mwanamume alisome mara mbili. Mtu aliyekula uyoga, kwa saa nne hadi sita baada ya kuula, hana uwezo wa kusema ndiyo wala hapana yenye maana. Makubaliano yafanyike siku ya kabla, kwa kalamu.

Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo itajwe kwenye fomu, hata kama ni ya mgongo tu. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa na ugonjwa wa moyo vitajwe, kwa sababu uyoga hupandisha presha na mapigo. Mimba itajwe. Na itajwe familia: kama mzazi, ndugu wa tumbo moja, mjomba au shangazi amewahi kuwa na skizofrenia au baipola, watafiti wengi wangekuondoa kwenye jaribio. "Mimi mwenyewe sijawahi kuugua" si jibu la swali hilo. Uyoga unaweza kuuamsha ugonjwa uliolala.

Uliza pia kama katika wiki hiyo hiyo watatoa kinywaji cha ayahuaska, kinywaji kingine cha maono kinachotengenezwa kwa mimea. Baadhi ya kambi huvichanganya vyote kama vitu vya meza moja. Ayahuaska ina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha MAO, ambacho huvunja serotonini mwilini, na kwa mtu mwenye dawa za sonona mwilini serotonini inaweza kupanda hadi kuleta homa kali, misuli kukakamaa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Haitulizwi kwa ngoma na ubani.

Kuhusu "ni cha asili, hakina madhara", nitasema kwa ufupi kwa sababu nimechoka kulijibu. Uyoga uitwao Galerina marginata ni mdogo, wa kahawia, unaota kwenye magogo, na asiye mtaalamu huufananisha na uyoga wa maono. Una sumu ya amatoksini inayoua ini. Kuukausha hakuiondoi, kuuchemsha hakuiondoi. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 au zaidi, kisha mgonjwa hupata ahueni ya siku moja hivi akadhani amepona, na ini linaendelea kuharibika. Ile rangi ya buluu inayotokea uyoga wa maono unapominywa si kipimo cha usalama, na ukiwa umesagwa ndani ya kidonge hakuna hata rangi ya kutazama. Uliza umetoka wapi na nani ameupima. Hata uyoga wa jamii moja hutofautiana nguvu mara kadhaa, kwa hiyo gramu za mwenzako si kipimo chako.

Saini uliyoweka kwenye fomu ya kuiondolea kambi lawama haikulindi wewe. Inawalinda wao. Kabla ya kulipa, dai majibu ya maandishi kwa haya: nani amesoma historia yangu ya dawa na ana sifa gani, hospitali ya karibu iko umbali wa dakika ngapi kwa gari, usiku nani yuko macho, na baada ya kuondoka nitaongea na nani wiki ya kwanza na ya pili. Wakikuambia "amini mchakato", bakiza fedha yako mfukoni.

Dada yule aliahirisha. Alirudi kwa daktari wake akarudishiwa dawa, na safari hii daktari anajua anachokitafuta.

Kwa ambaye amesharudi na hajisikii sawa: kukosa usingizi siku mfululizo, kusikia sauti, kuona mikia ya mwanga kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kujiua ni mambo ya kupeleka kituo cha afya leo. Mawazo ya kujiua usikae nayo peke yako hata kwa saa moja. Mwambie daktari ulikula nini, lini, na pamoja na nini. Anauliza ili akutibu. Kama tumbo lilianza kuchafuka saa nyingi baada ya kula, nenda hata kama umepata nafuu, na kama kuna mabaki ya uyoga yaweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uende nayo.