Je, wajua utafiti wa dunia kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu kama mundu, huhesabiwa vipi?

Kwa sheria za Marekani, selimundu ni ugonjwa adimu. Sheria ya mwaka 1983 kuhusu dawa za magonjwa adimu, pamoja na marekebisho yake, huuweka ugonjwa kwenye kundi hilo iwapo wanaouugua nchini humo hawafiki 200,000. Wenye selimundu kule ni kama 100,000.

Huku kwetu ni habari nyingine kabisa. Makadirio ya mzigo wa magonjwa duniani yanaonyesha kwamba mwaka 2021 pekee walizaliwa watoto wapatao 515,000 wenye selimundu, zaidi ya robo tatu yao Afrika kusini mwa Sahara. Wote waliokuwa wakiishi na ugonjwa huo mwaka huo walikaribia milioni 7.7. Kwa hiyo katika kila wagonjwa 100 wa dunia, Marekani ina mmoja au wawili. Lakini fungua orodha ya nchi zilizochapisha utafiti mwingi zaidi kuhusu selimundu: Marekani ndiyo iko juu, tena kwa mbali.

Orodha hizo hutengenezwaje? Nani hukaa akahesabu, na kwa nini mwingine akirudia hesabu hupata jibu tofauti?

Kazi yenyewe huitwa bibliometriki. Ilipata nguvu mwaka 1964, Eugene Garfield wa Philadelphia alipoanza kuchapisha faharasa kubwa iliyoonyesha makala gani imetajwa na makala gani nyingine. Faharasa ile ndiyo mzazi wa kanzidata ya Web of Science ya leo. Baadaye zikaja nyingine, kama Scopus ya mwaka 2004, na PubMed ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuitumia bila kulipa.

Anayehesabu hasomi makala moja moja. Anachukua rekodi zake: kichwa, majina ya waandishi, anwani za taasisi zao, jarida, mwaka, ikisiri, maneno msingi, marejeo na jina la mfadhili. Anaandika maneno ya kutafuta, kanzidata inamletea maelfu ya rekodi, anazipakua na kuziingiza kwenye programu. Kuanzia hapo kila kitu kinategemea maamuzi aliyoyafanya njiani, na mengi ya maamuzi hayo msomaji wa orodha haambiwi.

Uamuzi wa kwanza ni maneno ya kutafuta. Kwa Kiingereza ugonjwa huu hufupishwa kwa herufi SCD. Ukitafuta kwa herufi hizo tupu, utaletewa pia makala za kifo cha ghafla cha moyo, maana madaktari wa moyo nao hutumia SCD. Ukitumia neno la Kiingereza la mundu peke yake, utapata hata makala za wataalamu wa kilimo kuhusu gugu lenye maganda yaliyopinda. Ukilibana sana neno lako ili kuyakwepa hayo, unawaacha nje watu halisi. James Herrick wa Chicago, aliyechapisha taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu chembe hizi mwaka 1910, hakutumia jina tunalolitumia leo. Aliandika tu kuhusu chembe nyekundu za ajabu, ndefu, zenye umbo la mundu, katika damu ya kijana mmoja kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Jina la ugonjwa lilikuja mwaka 1922.

Halafu kuna Kifaransa. Kongo, Kameruni na Senegali, daktari husema drépanocytose. Anayetafuta kwa Kiingereza pekee anaipata Kongo pale tu Wakongo wanapoandika kwa Kiingereza, au jarida la Kifaransa linapoweka ikisiri ya Kiingereza. Nchi ambayo ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa kabisa wa selimundu duniani inaonekana kama vile haifanyi utafiti.

Uamuzi wa pili ni kanzidata ipi. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuyaingiza kwa vigezo vyao, na majarida mengi ya vyuo vikuu vyetu hayamo. African Journals Online, mtandao uliozaliwa mwaka 1998 na wenye makao Afrika Kusini, umekusanya mamia ya majarida ya bara hili, lakini wahesabuji wengi hawaugusi kwa sababu rekodi zake hazikupangwa kwa namna programu zao zinavyotaka. Tasnifu za wanafunzi wa udaktari hazihesabiwi kabisa. Mwanafunzi aliyepima damu za watoto wachanga katika wodi ya wazazi, akaandika alichokiona na kukikabidhi kwa maktaba ya chuo, kwa hesabu ya dunia hajafanya kitu. Hilo linaniuma, maana mara nyingi ndiko zilipo takwimu za wilaya ambazo huzipati kwingine kokote.

Uamuzi wa tatu ni mzito kuliko yote: makala ikiwa na waandishi wa nchi kadhaa, ni ya nani?

Tuitazame moja. Mapema mwaka 2019, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao REACH. Watoto 606 wenye selimundu walipewa dawa ya haidroksiyurea katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Kabla ya hapo dawa hiyo ilishathibitishwa Marekani, lakini madaktari wengi waliogopa kuitumia mahali penye malaria na utapiamlo. Matokeo yakaonyesha kinyume cha hofu ile. Maumivu makali yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua.

Sasa angalia rekodi. Waandishi waliotajwa ni 11. Wa kwanza ni Léon Tshilolo, daktari wa Kinshasa. Wa mwisho, ambaye pia ndiye wa mawasiliano, yaani anayeandikiwa kuhusu makala, ni Russell Ware wa Cincinnati, Marekani. Kati ya hao 11, sita wana anwani za Marekani na mmoja wa Kanada. Angola ina mmoja, Uganda mmoja, Kongo mmoja. Mwandishi wa Kilifi, Thomas Williams, ana pia anwani ya London.

Ukihesabu kwa mwandishi wa kwanza, makala hii ni ya Kongo. Ukihesabu kwa mwandishi wa mawasiliano, kama zifanyavyo baadhi ya programu zinazotumika sana, ni ya Marekani. Ukiipa kila nchi iliyotajwa alama moja kamili, zote zinatoka sawa na jumla ya dunia inavimba. Ukigawa alama kwa mafungu, Marekani inachukua sita ya kumi na moja, Uganda moja ya kumi na moja, na Kenya inagawana fungu lake na Uingereza. Makala ni ileile, na watoto waliotolewa damu na kumeza vidonge wote ni wa Afrika. Wagonjwa hawana safu kwenye rekodi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha katika British Medical Journal ushahidi kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu katika maeneo yenye mbu wengi. Ushahidi ule ulitokana na damu ya watoto wa Kiganda, na ya wanaume wa Kijaluo waliokubali kuambukizwa malaria kwa makusudi. Anwani kwenye makala ni ya Oxford, basi kwa kanzidata ni kazi ya Uingereza.

Makala ya Allison inatuonyesha pia udhaifu wa kipimo kingine kipendwacho, idadi ya mara ambazo makala imetajwa na wengine. Ugunduzi ukishakuwa elimu ya kila mtu, watu huacha kumtaja mwenyewe. Leo mwanafunzi wa sekondari anafundishwa uhusiano wa selimundu na malaria, na mtafiti akiueleza huona hauhitaji marejeo. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake nao yamewapata hayo. Mwaka 1949 walionyesha kwamba himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mgonjwa ni tofauti na ya mtu mzima wa afya, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli, na tangu hapo sayansi imejenga juu ya wazo lao bila kulazimika kulitaja kila mara.

Je, hesabu hizi hazina faida basi? Zinayo, na kubwa, mradi uweke safu ya wagonjwa kando ya safu ya makala. Hapo ndipo Jamaika inapojitokeza. Ni nchi yenye watu wasiofika milioni 3, lakini kuanzia mwaka 1973 Graham Serjeant na wenzake walipima watoto 100,000 waliozaliwa mfululizo, wakawafuatilia waliokutwa na ugonjwa kwa miongo kadhaa. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu namna selimundu inavyomwandama mtu toka utotoni hadi uzeeni ilitoka huko. Tanzania nayo ilijitokeza baada ya mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake walipoanza kuwafuatilia wagonjwa Muhimbili. Makala yao ya mwaka 2011 kuhusu vifo ilitokana na wagonjwa 1,725 wa Dar es Salaam, na kabla yake takwimu za namna hiyo kutoka Afrika zilikuwa chache mno.

Kulinganisha kwa kila mgonjwa kunafichua mengine hata ndani ya Marekani. Watafiti waliolinganisha selimundu, inayowapata zaidi Wamarekani weusi, na sistiki fibrosisi, ugonjwa mwingine wa kurithi unaoharibu hasa mapafu na unaowapata zaidi weupe, walikuta fedha za utafiti za serikali kuu kwa kila mgonjwa wa sistiki fibrosisi ni zaidi ya mara tatu ya zile za mgonjwa wa selimundu. Kwa idadi ya makala pekee, usingeliona hilo.

Kuna pia ramani za maneno. Programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, huangalia ni maneno gani hutokea pamoja katika makala, kisha huyachora yakiwa makundi. Humo utaona kama tiba ya jeni inakaa karibu na upandikizaji wa uboho, na malaria, upimaji wa watoto wachanga na upungufu wa damu vinakaa wapi. Tiba mbili za jeni zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023 zilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 na milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Kipimo cha damu ya kisigino cha mtoto mchanga ni cha gharama ndogo mno ukilinganisha, na ndicho kinachoamua kama mtoto wa Mwanza au Bunia ataanzishiwa mapema penisilini ya kumkinga na maambukizi.

Safu ambayo watu huiruka ni ya mwisho kwenye rekodi, ya mfadhili. REACH ililipiwa na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia moyo, mapafu na damu. Kazi ya mwanzo ya Muhimbili ilisaidiwa na Wellcome Trust ya London. Mtandao uliowaunganisha wagonjwa wa Tanzania, Ghana na Nigeria katika rejista moja ulianza mwaka 2017 kwa fedha za Marekani. Waandishi wa Kiafrika wameongezeka, wengine sasa ndio wa kwanza kwenye orodha, lakini katika makala zote hizo jina la hazina ya nchi ya Kiafrika ni la kutafuta kwa tochi.