Betri za tochi: kulingana umbo si kulingana volti

Ukishika betri ya CR123A na ya 16340, huwezi kuzitofautisha kwa urefu wala kwa unene. Zote ni za lithiamu na zote zinaingia kwenye tochi ileile. Lakini CR123A ni ya kutumia mara moja na ina volti 3, ilhali 16340 ni ya kuchaji, na ikitoka kwenye chaja imejaa huwa na volti 4.2. Tochi iliyoundwa kubeba CR123A mbili zilizofuatana inategemea kupata volti 6. Ukiitia 16340 mbili, inapokea 8.4. Zipo tochi zenye saketi inayohimili hilo, nyingine huungua papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa 14500, nayo ya lithiamu ya kuchaji, ambayo ina umbo la betri ya kawaida ya AA ya volti 1.5. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha aina ya betri, soma volti zilizoandikwa kwenye tochi au kwenye karatasi yake ya maelezo. Usipoziona, baki na aina iliyokuja nayo.

Hatari kubwa zaidi ni kujaribu kuchaji betri ya lithiamu ya kutumia mara moja. Ndani yake mna metali ya lithiamu, na haikuundwa kurudishiwa umeme. Inaweza kupasuka na kuwaka moto. Nasisitiza hili kwa sababu chaja nyingi za bei nafuu hazitambui zimewekewa betri gani. Vilevile, usichanganye mpya na iliyochakaa kwenye tochi inayobeba mbili. Iliyo dhaifu huisha kwanza, kisha mwenzake huendelea kuisukumia umeme kinyume mpaka ipate joto na kutoa gesi.

Ipi inakufaa? Mlinzi anayewasha tochi kila usiku anunue ya kuchaji. Betri nzuri ya 18650 huhifadhi nishati nyingi kuliko CR123A mbili kwa pamoja, na huchajiwa mara mamia kabla ya kuchoka. Tochi inayokaa kwenye sanduku la dharura au kwenye gari ni habari nyingine. Hapo weka lithiamu ya kutumia mara moja, inayoweza kukaa miaka 10 bila kuguswa ikabaki na sehemu kubwa ya nguvu yake. Ya kuchaji hupungua kidogo kidogo kila mwezi, na unaweza kuihitaji siku ambayo imekwisha. Baridi nayo ina neno lake: wanaopanda Kilimanjaro usiku kuelekea kilele cha Uhuru wanafaidika na AA za lithiamu za kutumia mara moja, zinazofanya kazi hata kwenye nyuzijoto −40. Za kuchaji hudhoofika kwenye baridi, na hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzijoto 0.

Sokoni utakuta 18650 zilizoandikwa 9,900 mAh (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi). Huo ni uongo. Zilizo bora za ukubwa huo kwa kawaida hufika karibu 3,500, na betri halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukiona inayojisifu kwa namba kubwa halafu ni nyepesi mkononi, iache. Uwe mwangalifu pia na zilizong'olewa kwenye betri za kompyuta za zamani: nyingi hazina saketi ya ulinzi, na historia yake huijui.

Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro na mapazia. Betri iliyovimba, iliyochanika ganda au inayopata joto lisilo la kawaida isitumike tena. Ikianza kufoka moshi, toka nje na uwatoe wengine, maana moshi huo una sumu. Iliyokwisha, ziba ncha zake mbili kwa utepe wa umeme, uiweke kwenye kopo kavu mbali na watoto, kisha uikabidhi kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Isitupwe chooni, wala isichomwe pamoja na takataka za nyumbani.