Maswali na majibu: aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili na polisi

Je, ni kweli kwamba waliowahi kulazwa hospitali za magonjwa ya akili hukamatwa zaidi na polisi kuliko watu wengine?

Inategemea ni enzi gani. Nchini Marekani, ambako suala hili limechunguzwa kwa muda mrefu, tafiti za kabla ya miaka ya 1950 zilionyesha kuwa walikamatwa mara chache kuliko raia wengine, ilhali zile za kuanzia miaka ya 1960 zilionyesha kinyume.

Kilichobadilika ni nini?

Ni aina ya watu waliolazwa. Mwaka 1978, mtafiti Henry Steadman na wenzake walionyesha kwamba katika hospitali za jimbo la New York, wanaume waliolazwa wakiwa wamewahi kukamatwa waliongezeka kutoka takriban asilimia 15 katika miaka ya 1940 hadi asilimia 40 mwaka 1975. Ambao hawakuwa na rekodi ya polisi kabla ya kulazwa hawakukamatwa zaidi kuliko raia wa kawaida.

Je, kukamatwa maana yake ni kutenda kosa?

La, na hapa ndipo takwimu nyingi hupotosha. Mtafiti Linda Teplin alichunguza kazi ya askari wa doria mjini Chicago, na ripoti yake ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba karibu nusu ya watuhumiwa wenye dalili za ugonjwa wa akili walikamatwa, ikilinganishwa na takriban asilimia 28 ya wasio na dalili hizo, kwa makosa yanayofanana. Anayezungumza peke yake barabarani, kisha akamjibu askari kwa ukali, huishia mahabusu kwa jambo ambalo mwingine angeonywa tu na kuachwa aende zake.

Ulevi unahusikaje na ukatili?

Sana, pengine kuliko ugonjwa wenyewe. Utafiti wa Marekani uitwao MacArthur, kwa jina la taasisi iliyoufadhili, uliochapishwa mwaka 1998, uliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 kwa mwaka mmoja baada ya kuruhusiwa, wakihojiwa kila baada ya wiki 10, pamoja na mtu wa karibu aliyewafahamu. Mjini Pittsburgh walilinganishwa na majirani wa mitaa ileile, na ikaonekana kwamba wasiotumia pombe kupita kiasi wala dawa za kulevya hawakuwa na tofauti ya maana ya ukatili na majirani wa namna hiyohiyo. Ulevi uliongeza ukatili kwa pande zote mbili, ila ulikuwa umeenea zaidi kwa wagonjwa.

Nani huwa hatarini mgonjwa anapofanya ukatili?

Mara nyingi ni ndugu au rafiki, tena nyumbani, wala si mpita njia. Kwa hiyo familia inayompokea mgonjwa imuulize daktari kuhusu dawa na tarehe ya kliniki, na pia kuhusu matibabu ya ulevi, ikiwa mgonjwa ana tatizo hilo.