Sanaa ya bahari na sisi wa Dodoma

Wengi wetu huku Dodoma tunaamini kuwa sanaa inayozungumzia uchafu wa bahari, kama zile sanamu za kasa na samaki zinazochongwa kwa kandambili zilizookotwa ufukweni, ni habari ya watu wa pwani. Si ajabu: bahari iko mbali, na mito yetu kiangazi ni mchanga mtupu.

Mchanga huo, hata hivyo, ni njia ya taka kwenda baharini. Mvua zikishika, mto Kinyasungwe hujaa na kushuka upande wa Kilosa. Maji yake huingia Mkondoa, kisha Wami, hadi Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Si maji yote ya Dodoma, kweli. Ya upande wa Bahi huishia kwenye kinamasi cha Bahi. Na chupa nyingi hukwama njiani.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Fungua ramani kwenye simu, fuata mto kwa kidole. Au nenda korongoni mvua ikikatika, uangalie vichaka vya kingoni: vizibo, mifuko, kamba ya kandambili, vimenasa usawa wa kiuno. Maji yalifika hapo. Taka ambazo hazikunasa ziliendelea na safari.